Kanda za marehemu baba mdogo: michezo ya zamani ya TV, kila mmoja kopi mbili tatu. Nibakize ipi?

BintiMapipa aliandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa kanda za video na mambo ya maktaba za televisheni.

Baba yangu mdogo alikuwa na duka la kukodisha kanda Magomeni Mapipa, miaka ya 1990 hadi 2000 na kitu. Mchana alikodisha za Kihindi na za ngumi. Jioni mlango nusu, anawasha deki, anarekodi michezo ya kuigiza ya TV. Wapo waliokuwa wanakosa mchezo kwa sababu ya mgao wa umeme, au walikuwa msibani, basi kesho yake wanakuja kuomba, na yeye anawatolea kopi kwa deki mbili alizoziunganisha kwa waya. Wengine hawakurudi kuchukua. Ndiyo maana stoo ina kanda kama mia mbili na nyingi zinajirudia. Ubavuni kaandika kwa kalamu ya wino: siku, tarehe, jina la mchezo, halafu "ya mama wa maandazi, hajachukua", "ya Mwalimu, bado mia tano".

Baba mdogo ametutoka, nyumba imeuzwa, na mwenye nyumba mpya anataka stoo iwe tupu mwisho wa mwezi. Nilikwenda kwenye kituo kimoja kilichorusha michezo hiyo. Nilipokelewa vizuri tu, kijana wa maktaba akaniambia kwa miaka hiyo hawana karibu chochote, kanda zilirekodiwa vitu vingine juu yake. Akafurahi sana kusikia ninazo. Ila akasema nilete kopi moja moja iliyo safi, kwenye flashi.

Mjomba anasema tuchague moja moja, zilizobaki zikatupwe. Mimi roho inasita. Nawezaje kujua ipi ni nzuri bila kuzitazama zote? Na hizi za ziada zina kazi yoyote?

KidumeWaIlala aliandika:

Pole sana dada. Nenda Kariakoo, wapo jamaa wanahamisha kanda kwenda flashi, unalipa kwa kanda. Nilihamishia huko harusi ya wazazi wangu ikatoka freshi kabisa. Chukua inayoonekana vizuri, nyingine tupa tu, kanda zinajaza nafasi na kuleta mende.

MzeeWaMitambo aliandika:

Binti, pole kwa msiba. Usitupe hata moja, na usipeleke popote kabla hujasoma haya.

Nimefanya kazi chumba cha kanda cha kituo cha televisheni mpaka nilipostaafu, kwa hiyo hilo la "lete kopi moja safi" najua linatoka wapi. Mtu wa maktaba anawaza nafasi kwenye kompyuta yake. Tatizo ni kwamba kopi safi haipo. Una kopi tatu zilizoharibika, kila moja kwa namna yake, na kwa anayeokoa picha za zamani hiyo ni neema.

Nianze na kwa nini kituo hakina. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vituo vya hapa vilipoanza, kanda za kazi ziliagizwa nje kwa fedha za kigeni, zile kubwa za U-matic na baadaye Betacam. Mchezo ukisharushwa na kurudiwa, kanda inarudi kwenye rafu kungoja kazi nyingine. Hakuna aliyedhani kwamba kuna siku mtu angeutafuta. Na si sisi peke yetu. BBC ya Uingereza ilifuta kanda zake kwa utaratibu uleule kati ya 1967 na 1978. Katika Doctor Who, tamthilia yao, ya miaka ya 1960 mpaka leo wanatafuta vipindi karibu mia moja. Vingi vilivyopatikana vimetoka kwenye kopi za filamu za milimita 16 zilizouzwa kwa vituo vya nchi nyingine, zikawa zinatumwa kutoka kituo hiki kwenda kile. Mwaka 2013 walitangaza vipindi tisa vilivyopatikana Jos, Nigeria. Vilikuwa stoo kwenye kituo cha televisheni, vimejaa vumbi. Sauti za vipindi vyote ambavyo bado vimepotea, vyote bila kubakiza, zipo kwa sababu watazamaji walirekodi nyumbani kwao. Watu kama baba yako mdogo.

Sasa nikupe mfano unaogusa swali lako hasa. Kuna mkasa wa Doctor Who wa 1971 unaoitwa The Dæmons, vipindi vitano. Kanda za rangi zilifutwa, ikabaki ya kipindi kimoja. Vile vinne BBC walibaki navyo kwenye filamu isiyo na rangi, lakini picha kali. Huko Marekani mtazamaji alikuwa amerekodi nyumbani vilipokuwa vinarushwa: rangi ipo, picha hafifu, tena kwa mfumo wao wa NTSC usiolingana na wa Uingereza. Mtu wa "nibakize iliyo nzuri" angechagua filamu na kutupa kanda. Wao mwaka 1992 walichukua ukali wa picha kutoka kwenye filamu na rangi kutoka kwenye kanda ya nyumbani, wakaviweka pamoja, vikarushwa tena vikiwa na rangi. Kopi mbili mbovu zimetoa moja nzuri.

Kwako wewe inafanyika hivi. Kanda ya VHS, yaani hizi za deki za nyumbani, ni utando wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Unga ukibanduka mahali, unaona mstari mweupe unapita kwenye picha na kupotea. Kila kanda inabanduka mahali pake. Ukiwa na kopi tatu za mchezo mmoja, kompyuta inaoanisha fremu (picha moja moja) ileile ya zote tatu, inaangalia kila nukta ya picha na kuchukua thamani ya katikati. Doa lililo kwenye kopi moja linashindwa na mbili zisizo nalo. Kopi zikiwa mbili tu huwezi kupiga kura hivyo, lakini unaweza kuruka: pale hii ilipoliwa na deki unaingiza ile. Na mara nyingi mtu alichelewa kubonyeza rekodi, kopi moja haina mwanzo, nyingine haina mwisho.

Haisaidii kila kitu. Kama chenga zilikuwepo kwenye antena siku ile, zitakuwa kwenye kopi zote alizotoa kwenye kanda hiyo. Ndiyo maana lazima ujue ipi ni kanda mama na ipi ni kopi ya kopi, na hilo usitegemee maandishi ya ubavuni peke yake. Tazama chini kabisa ya picha. Kila picha ya VHS ina ukanda mwembamba chini unaotetema, pale deki inapobadilisha kutoka hedi moja (kichwa kinachosoma kanda) kwenda nyingine. TV nyingi huuficha nyuma ya ukingo wa kioo chake, lakini kwenye kompyuta unauona wazi. Kanda iliyorekodiwa moja kwa moja kutoka hewani ina ukanda mmoja. Kopi ina miwili: wa mama yake ulioganda ndani ya picha, na wake mwenyewe. Kopi ya kopi ina mitatu. Halafu angalia rangi. Kila kopi inapotolewa rangi inateremka kidogo, midomo myekundu ya mwigizaji inaanza kushukia kidevuni. Ukishazoea, unazipanga kwa haraka tu.

Na ukikuta kanda mbili za mchezo mmoja, zote zina ukanda mmoja, basi siku hiyo baba yako mdogo aliwasha deki zote mbili. Hizo zifunge pamoja, ni dhahabu.

Kuhusu flashi, hapana. Hao wa Kariakoo ni vijana wangu wengine, kwa harusi wanafanya kazi nzuri, lakini kile kidude cha USB wanachotumia kinabana picha mpaka inakuwa vigae, na mara nyingine kimewekwa fremu 30 kwa sekunde wakati TV yetu ilikuwa 25. Sauti inaanza kuukimbia mdomo. Kwa maktaba unataka picha ya 720 kwa 576, fremu 25, mistari yake iachwe ilivyo bila kulainishwa, na faili lisilopoteza kitu, kama FFV1. Saa moja inakula makumi ya gigabaiti. Ni hadi diski, tena mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Kijana wa maktaba mpe na nakala ndogo ya kutazama, atafurahi, lakini lile kubwa ndilo la kuhifadhiwa.

Jambo moja la kufanya leo kabla ya kulala: geuza kila kanda uangalie mgongoni. Kushoto kuna kijiplastiki kidogo kama jino. Kama kipo, kivunje kwa bisibisi. Kikishatoka deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtu akikosea kubonyeza. Nimeona urithi wa watu ukifutwa na mtoto aliyekuwa anajaribu rimoti.

Na usikate matangazo. Matangazo ya biashara yaliyo katikati ya mchezo, mtangazaji anayesema kinachofuata, nusu dakika ya taarifa ya habari kabla baba yako mdogo hajazima deki, yote yahamishwe. Ndiyo yatakayokuambia mchezo ulirushwa lini hasa ikiwa tarehe imefutika, na hayo vituo vimeyapoteza kuliko hata michezo.

KidumeWaIlala aliandika:

Mzee shikamoo. Hilo la ukanda wa chini sikuwahi kulisikia. Nimefungua faili la harusi ya wazazi sasa hivi, miwili ipo, kumbe tulipewa kopi na kanda mama ilibaki kwa mpiga picha. Namtafuta kesho.

WakiliUpanga aliandika:

Niongeze upande wa sheria kwa kifupi. Dada, kanda kama kitu ni mali ya urithi wenu. Mchezo uliomo ndani si wenu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, waandishi, waigizaji na kituo kilichorusha wana haki zao. Kwa hiyo usiweke YouTube, hata kwa nia njema, hata kipande. Ukikabidhi, muandikiane hati ya makabidhiano nakala mbili: orodha ya kanda kwa namba, hali yake, kwamba mnawapa nakala za faili na kanda zenyewe zinabaki kwenu au zinakwenda kwao, na kwamba familia itatajwa. Msipeleke kanda bila karatasi. Mkikwama kujua nani mwenye haki, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo pa kuuliza.

ZaituniM aliandika:

Samahani naingilia. Mama yangu aliigiza kwenye michezo ya TV mwishoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wanalipwa nauli. Watu walimjua, akipanda daladala konda anamwita kwa jina la kwenye mchezo. Leo hatuna hata dakika moja ya kazi yake, wajukuu wanadhani tunawatungia. Watu wanamkumbuka marehemu Kanumba kwa filamu, lakini alitokea kwenye michezo ya TV ya kundi la Kaole, na wengi wa waliokuwa wanaigiza enzi zile hawakufika kwenye filamu. Kazi yao yote ilikuwa hiyo ya jioni. Dada, tafadhali usitupe. Nikija kusaidia kubeba, utaniruhusu?

BintiMapipa aliandika:

Shikamoo mzee, ahsante sana, na nyote ahsanteni. Dada Zaituni karibu, nitakuandikia pembeni.

Nimeshinda stoo leo. Vijino nimevunja vyote, vidole vinauma. Nina maswali. Kanda za rafu ya chini zina kama unga mweupe ukitazama kwenye kile kidirisha, nadhani ni tangu mafuriko ya Desemba 2011, maji yaliingia mpaka uani. Hizo ndizo zimekwisha? Pili, deki moja ipo, nzito sana, ameifunga kwa kitambaa. Ya pili imeota kutu. Nijaribu kuiwasha hiyo nzima nione? Tatu, nyingine ameandika LP kwa wino mwekundu, sijui maana yake.

MzeeWaMitambo aliandika:

Marahaba binti. Umefanya vema.

Huo unga ni kuvu. Kanda hazijafa, lakini usiingize hata moja kwenye deki. Kuvu inabaki kwenye hedi, halafu kila kanda inayofuata inakwaruzwa na kupakwa. Zitenge leo, chumba tofauti, na vaa barakoa unapozishika. Usizianike juani, plastiki inajikunja na picha ndiyo basi. Zisimamishe kwa ubavu kwenye chumba kikavu chenye feni, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unabaki ndani. Kuvu ikikauka inakuwa vumbi, na vumbi linafutika: unafungua skrubu tano za chini, unatoa utando, unausafisha polepole kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha unauhamishia kwenye ganda jipya. Hiyo tutafanya pamoja, usijifundishie kwenye kanda hizo. Kuna kanda za Kihindi zisizo na kazi, hizo ndizo za kujifunzia. Makasha matupu yake pia tunayahitaji, usiyatupe.

LP ni mwendo wa nusu. Kanda ya saa tatu inaingia saa sita, baba yako mdogo alikuwa anabana matumizi kama kila mtu. Kwenye LP njia za picha ni nyembamba sana, na deki nyingine huwa inazikosa, unaona picha inaruka au chenga zinapanda na kushuka. Deki iliyozirekodi ndiyo itakayozisoma vizuri kuliko ya mtu yeyote. Kwa hiyo hicho kitu kizito alichofunga kwa kitambaa kina thamani kubwa kuliko unavyodhani, na hata ile yenye kutu ibaki, tutaitoa vipuri. Deki mpya hakuna tena: kampuni ya mwisho iliyokuwa inazitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016.

Usiiwashe. Imekaa miaka, mikanda ya mpira ndani huenda imelainika kama lami, ukiiwasha na kanda ndani itaimeza. Toa kifuniko, skrubu zipo pembeni na nyuma, na waya wa umeme uwe umechomolewa. Piga picha ya ndani kutoka juu, nyingine kwa karibu pale kwenye ile ngoma inayong'aa, uziweke hapa. Ngoma usiiguse kwa kidole. Usiisafishe kwa pamba za masikioni, hedi zake ni vijichembe vidogo sana, uzi mmoja ukinasa unavunja. Nitakuja na ngozi yangu laini na spiriti isiyo na maji. Unashika ngozi imetulia na kuizungusha ngoma kwa mkono, kamwe husugui juu na chini.

Mpangilio wa kazi niuonavyo: tuanze na zile ambazo una kopi moja tu, maana hizo zikiharibika hakuna pa kukimbilia. Kisha kanda mama. Kopi zifuate. Za kuvu mwisho. Wewe kwa sasa andika daftari: namba, maandishi yote ya ubavuni neno kwa neno pamoja na madeni, rangi ya ganda, LP au la, kuvu au hapana. Madeni usiyaruke, "ya Mwalimu" inatuambia Mwalimu huenda ana kopi nyingine nyumbani kwake.

BintiMapipa aliandika:

Mwalimu namjua! Amehamia Mbagala, mwanawe tulisoma naye. Nitampigia kesho asubuhi.

Deki nimeifungua, picha nitaziweka usiku huu, mkanda mmoja wa mpira umekatika kweli. Tatizo langu sasa ni stoo. Mwisho wa mwezi haungoji na kwangu ni chumba kimoja Tandale, kikinyesha kunavuja.

KidumeWaIlala aliandika:

Dada, niliyesema utupe ni mimi, basi zilete kwangu. Nina chumba ghorofa ya pili hapa Ilala karibu na Boma, hakivuji, kina feni, kilikuwa cha kuwekea mzigo wa duka na sasa mzigo umekwisha. Kirikuu cha jirani kipo Jumapili, mafuta juu yangu. Mzee niambie tu, kanda zilale au zisimame kwenye gari?

MzeeWaMitambo aliandika:

Zisimame, kama vitabu, zikiwa zimebanana zisicheze. Za kuvu safari ya mwisho, peke yake. Na spika za duka lako zitoe kwenye chumba hicho kabla hazijafika, zina sumaku.